MASWALI YENU: Ala ya Bastola, na Bastola ya Kuaminiwa



Ndugu wasomaji, barua ya ada za chuo cha watoto, ambayo niliahidi kuijibu mwezi huu, nimeiweka kando. Imefika nyingine yenye haraka zaidi. Mwenye barua ni ndugu yetu afanyaye kazi ya usiku katika kituo cha mafuta hapa Columbus. Ameporwa mara mbili kwa kuelekezewa silaha, na mara ya pili alipigwa kichwani mbele ya mteja. Mwenye kituo amemruhusu kubeba bastola, naye amekwisha kufundishwa kuitumia. Anauliza mawili: ni bastola ipi isiyogoma, na aiweke wapi mwilini. Rafiki yake, asema, amemshauri aitie katika mfuko wa koti tu, maana ala ni mapambo ya polisi.

Barua hii imenikuta bado sijatulia kwa kisa cha Ijumaa ile msikitini. Wengi wenu mlikuwapo, na waliokosa wamesikia. Tulipokuwa katika sijida ya rakaa ya pili, bastola ilimchomoka mwenzetu mmoja kiunoni ikaanguka juu ya zulia. Alipoinuka kukaa, mguu wake ukaisukuma nyuma, hadi mbele ya safu ya watoto. Mtoto wa miaka saba akaitazama, kisha akaanza kuunyosha mkono. Mtu mzima aliyekuwa kando yake akaikatisha swala yake, akaifunika bastola kwa kiganja, akakaa hivyo mpaka imamu alipotoa salamu. Haikulia, alhamdulillahi. Mwenyewe alilia kwa aibu mbele yetu, na sitamwongezea neno. Nataka mjue jambo moja tu kumhusu: bastola yake ni nzuri, ya bei kubwa, na ala yake ilikuwa ya nailoni laini, ya dola chache, ile ambayo wauzaji husema yafaa kila bastola.

Mimi nililinda maghala katika jimbo hili kwa miaka 11 nikiwa na silaha kiunoni, na hayo ndiyo niyajuayo. Sina nia ya kumshawishi mtu yeyote abebe. Wala simlaumu ndugu yetu wa kituo cha mafuta, maana sijasimama nyuma ya kaunta yake saa nane za usiku. Ila maadamu ameshaamua, nitaanza na swali lake la pili kabla ya lile la kwanza. Watu hutumia miezi kuchagua bastola na dakika mbili kuchagua ala, ilhali mara nyingi ni ala itakayoamua kama mwanao atabaki salama.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Mtume (S.A.W.) alimwamuru mtu aliyepita msikitini na mishale azishike ncha zake kwa mkono, asije akamdhuru Mwislamu. Na katika hadithi iliyopokewa na Jabir, alikataza upanga kupokezanwa ukiwa nje ya ala. Bastola haikuwapo, lakini hukumu yaeleweka: mwenye silaha ndiye mwenye jukumu la kuifunika sehemu yake inayodhuru. Katika mshale ni ncha. Katika bastola ya kisasa sehemu hiyo ni kifyatuo, kale kachuma kanakovutwa kwa kidole.

Sasa mtazameni rafiki mwenye ushauri wa mfuko wa koti. Mnamo Novemba 2008 mchezaji mashuhuri wa kandanda ya Kimarekani, Plaxico Burress wa timu ya New York Giants, aliingia katika klabu ya usiku mjini New York akiwa na bastola aina ya Glock aliyoichomeka tu kiunoni mwa suruali, bila ala. Ikateleza mguuni. Akaidaka kwa haraka kama mtu anavyodaka kikombe kinachoanguka, na katika kudaka huko ikalia, risasi ikampenya pajani. Alikuwa amewahi kuwa na kibali cha Florida, nacho kilikuwa kimekwisha muda, wala New York haikukitambua hata kingekuwa hai. Mwaka 2009 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Mwaka 2008 huohuo, miezi michache kabla, ndiye aliyedaka mpira wa ushindi katika fainali ya ligi, mbele ya taifa zima. Ikiwa mikono ile haikuweza kuidaka bastola kwa usalama, yangu na yako itaweza?

Ala njema ina kazi tatu. Ya kwanza ni kukifunika kifyatuo chote, pande zote mbili, kwa kitu kigumu kisichobonyea kwa kidole. Nailoni laini hubonyea. Ngozi iliyotumika miaka mingi huweza kulegea mdomoni na kujikunja ndani; mtu anarudisha bastola yake, mkunjo wa ngozi unaingia mahali pa kidole, na bastola inalia ikiwa kiunoni. Kadhalika vifundo vya kamba za jaketi na pindo za shati vimewahi kufanya hivyo. Ya pili ni kuishika bastola mpaka mwenyewe atake kuitoa. Ya tatu ni kubaki mdomo wazi bastola ikiwa nje, ili uirudishe kwa mkono mmoja bila kuupanua mdomo wa ala kwa mkono wa pili, yaani bila kuuelekezea mtutu mkono wako mwenyewe.

Kwa sababu hizo, usinunue ala iliyoandikwa kwamba yafaa bastola zote. Nunua iliyofinyangwa kwa umbo la bastola yako, na ukiwa umeiwekea taa chini ya mtutu, basi iwe ya bastola hiyo pamoja na taa hiyo. Nyingi za leo hutengenezwa kwa plastiki ngumu inayofinyangwa kwa joto, ile iitwayo Kydex. Bastola ikifika mahali pake husikika mlio mdogo, na kuna skrubu za kukaza au kulegeza mshiko. Ngozi nzuri, nene, iliyoimarishwa mdomoni ni laini zaidi mwilini, na mimi nilivaa ya namna hiyo. Lakini ngozi hunywa jasho, na yapaswa kutupwa inapolegea, hata kama unaipenda. Kuna pia ala zenye kitufe cha kubonyezwa kwa kidole cha shahada ili bastola itoke. Sizipendi hata kidogo. Mtu mwenye hofu hubonyeza kwa nguvu, bastola inatoka, na kidole kile kile kinaendelea kubonyeza, safari hii juu ya kifyatuo.

Mkanda nao ni nusu ya ala. Mkanda mwembamba wa suruali ya ofisini hupinda kwa uzito, bastola ikainama nje, na hapo ndipo inapoanza kuchomoka. Tafuta mkanda mnene, mgumu, na kibano cha ala kiwe cha upana uleule wa mkanda.

Ukiisha kununua, usitoke nayo. Ondoa magazini, vuta nyuma, tazama chemba na uiguse kwa kidole uhakikishe ni tupu, ziweke risasi zote katika chumba kingine, kisha ivae bastola tupu nyumbani kwa juma zima. Panda ngazi. Funga kamba za viatu. Ingia garini utoke. Mbebe mtoto. Kisha tandika mswala uswali rakaa nne kwa rukuu na sijida kamili. Wamarekani wanaoandika vitabu vya mambo haya hawaswali, kwa hiyo jaribio hilo hamtalikuta humo, na kwetu ndilo zito kuliko yote: katika sijida kiuno kiko juu, kichwa chini, na mdomo wa ala unaelekea sakafuni. Bastola ikisogea hata kidogo, kaza skrubu au irudishe ala dukani.

Mahali pa kuivaa hutegemea kazi. Ubavuni nyuma kidogo ya nyonga panamfaa anayesimama. Mbele ya tumbo wengi wa leo wanapapenda kwa wepesi wa kutoa, lakini mtutu huelekea kinenani na kwenye mishipa mikubwa ya paja, na katika rukuu mpini hukuchoma mbavu. Kwa mwanafunzi mimi sipashauri. Dereva wa teksi au wa lori, ambaye mkanda wa gari humfunika nyonga saa kumi kwa siku, aweza kufikiria ala ya kifundo cha mguu, ila akumbuke kuwa kila udhu atakunja suruali mbele za watu. Na kanzu, ndugu zangu, si vazi la kubebea bastola. Haina mkanda, na kuifikia silaha kwataka uipandishe kanzu yote kwa mikono miwili. Mvaa kanzu aiache nyumbani, ndani ya kasha.

Dada mmoja aliniuliza siku za nyuma kuhusu mkoba. Desemba 2014, katika mji wa Hayden, jimbo la Idaho, mama mmoja kijana alikuwa dukani na watoto. Bastola yake ilikuwa katika mkoba uliotengenezwa mahsusi kwa kubebea silaha, wenye mfuko wake wa zipu. Mwanawe wa miaka miwili, aliyeketi katika kigari cha kununulia vitu, aliufikia mkoba ule, akaifikia bastola, ikalia, mama akafa palepale. Mkoba huwekwa chini, huachwa kwenye kiti, hupewa mtoto auchezee anapolia. Kwa mama mwenye mtoto mdogo jibu langu ni la, na sitalibadilisha. Kwa dada avaaye buibui zipo ala za mkanda mpana wa tumboni zivaliwazo chini ya nguo, zenye ganda gumu juu ya kifyatuo; achague hizo, na ajue kwamba kuifikia silaha chini ya vazi refu huchukua muda.

Neno la chooni, mniwie radhi. Mtu akifungua mkanda, bastola hutaka kuanguka, basi huitoa akaiweka juu ya tangi la maji, akamaliza, akaenda zake na kuisahau kwa mgeni wa baadaye. Iache ndani ya ala, na ala ibaki ndani ya suruali iliyoshuka, kati ya miguu yako, ambapo huwezi kuondoka bila kuiona.

Na kurudisha: ajali nyingi hutokea hapo. Kutoa kwaweza kuhitaji haraka. Kurudisha hakuhitaji kamwe. Nyosha kidole cha shahada pembeni mwa bastola, mbali na kifyatuo, inua nguo kwa mkono wa pili, tazama kwa macho yako mdomo wa ala kama ni mweupe, kisha ingiza polepole. Ukisikia kitu kinakwaza, toa, usisukume.

Nije sasa kwenye bastola yenyewe. Ndugu yetu anataka jina. Majina yapo, na duka lolote la silaha litamtajia matano kabla hajaketi. Lakini jina halitoshi. Januari 2017 jeshi la nchi kavu la Marekani lilichagua bastola ya SIG Sauer P320 kuwa msingi wa bastola yake mpya. Agosti mwaka huohuo kampuni ikatangaza kuzirekebisha bila malipo zile zilizouzwa kwa raia, baada ya majaribio kuonyesha kuwa zikianguka kwa pembe fulani zaweza kulia zenyewe. Jina lilikuwa kubwa, na mshindani wa zabuni ya jeshi alikuwa ameshindwa. Basi ununuapo bastola, mpya au ya mkono wa pili, chukua namba yake ya chuma umuulize mtengenezaji kama imeitwa kurekebishwa.

Kugoma kuna sababu zinazojulikana. Bastola hizi hutumia nguvu ya risasi iliyolia kujikoki upya: chuma cha juu chateleza nyuma, chavuta ganda tupu na kulitupa nje, kisha springi yakirudisha mbele kikiokota risasi nyingine kutoka magazini na kuisukuma chembani. Yote hayo hufanyika chini ya sehemu moja ya kumi ya nukta. Ganda likikataa kutoka, au risasi ikiinama njiani, bastola imekuwa jiwe mkononi. Mshukiwa wa kwanza ni magazini: midomo iliyopinda, springi iliyochoka, uchafu. Andika namba 1, 2, 3 chini ya magazini zako kwa kalamu isiyofutika. Ikigoma, utajua ni ipi, na ikirudia, itupe. Mshukiwa wa pili ni mkono wenyewe. Kifundo kikilegea, bastola yote hurudi nyuma pamoja na kile chuma, nguvu inapotea, na mzunguko haukamiliki. Mtu huilaumu bastola aliyoiua mwenyewe. Na kadiri bastola ilivyo ndogo ndivyo nafasi ya chuma kuteleza inavyokuwa fupi na springi kuwa kali, kwa hiyo vile vibastola vya mfukoni vinavyopendeza dukani ndivyo visivyosamehe mkono dhaifu, uchafu wala risasi mbovu.

Jaribio nililofundishwa, na ambalo ningali nalo, ni hili: risasi 200 za mazoezi katika uwanja wa shabaha, kwa magazini zote, bila kugoma hata mara moja baada ya zile 50 za mwanzo ambazo bastola mpya huzizoea. Kisha risasi 50 za aina ileile utakayobeba. Risasi za kujihami zina tundu kwenye ncha, zipanuke ziingiapo mwilini zisimpite mhalifu zikampata aliye nyuma yake. Lakini ncha hiyo butu huweza kukwama mahali ambapo risasi ya mviringo hupita vizuri. Bastola inayokula aina moja yaweza kuikataa nyingine. Ni ghali, najua, kwa mshahara wa kituo cha mafuta. Asiyeweza kununua risasi za kuijaribu bastola anunue bastola ya bei ya chini zaidi, iliyo ya kampuni inayoeleweka, na fedha iliyobaki aiweke katika risasi na ala.

Ukiisha kuiamini usiisahau. Jasho huleta kutu, vumbi la nguo hujaa ndani, mafuta hukauka. Ifute na kuipaka mafuta kidogo kila mwezi. Usiikoki risasi ileile kila asubuhi na kuitoa kila usiku. Kwa kugongwa mara kwa mara kichwa cha risasi huzama ndani ya ganda, na ikilia shinikizo laweza kupita kiasi. Utokapo uwanjani nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula wala kumshika mtoto, na nguo zile zifuliwe peke yake, kwa kuwa moshi na vumbi la risasi vina madini ya risasi yenye sumu.

Ubishi wa ukubwa wa risasi msijichoshe nao. Baada ya mapambano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986, ambamo maofisa wawili wa FBI waliuawa, shirika hilo liliamini risasi zake ni dhaifu, likahamia kubwa zaidi. Miaka thelathini hivi baadaye likarudi kwenye milimita 9, kwa kuwa risasi zenyewe zilikuwa zimeboreshwa na maofisa walilenga vizuri zaidi nazo.

Kuhusu sheria nitasema machache. Tangu Juni 2022 Ohio haimdai kibali mtu wa miaka 21 na zaidi asiyekatazwa na sheria. Hata hivyo kibali chafaa kuchukuliwa, kwa sababu majimbo mengine huuliza, na mengine, kama Illinois, New York na New Jersey, hayatambui kibali cha Ohio kabisa. Madereva wa malori, someni tena kisa cha Burress. Aliye hapa kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida amekatazwa na sheria ya taifa kumiliki silaha hata risasi moja. Mwenye kadi ya kijani ameruhusiwa. Usijaze fomu ya dukani kwa kukisia, kwa maana jibu la uongo ni kosa la jinai na laweza kukutoa nchini.

Na msikiti: kwa sheria ya Ohio, kubeba silaha msikitini ni marufuku mpaka msikiti wenyewe uruhusu. Sikuwahi kusikia kwamba kamati yetu imekaa ikalijadili. Tangu mauaji ya Quebec mwaka 2017 na ya Christchurch mwaka 2019 wapo wanaoona walinzi wetu wawe na silaha, na wapo wasiotaka chuma hicho kipite mlangoni. Mimi ningeridhia watu wawili waliofunzwa, wanaojulikana kwa majina, wasimame mlangoni na kuswali jamaa ya pili, na wengine wote tusiingie nayo. Kamati ina mkutano Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya Isha. Njooni mseme.

Ndugu yangu wa kituo cha mafuta, koti utalivua utakapoingia joto la dukani, nawe utalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na bastola imo. Nunua ala. Nunua na kasha dogo la chuma la kufungwa kwa namba, ulikaze ukutani chumbani, na urudipo alfajiri bastola iingie humo ikiwa ndani ya ala yake kabla hujavua viatu. Umeandika kuwa binti yako ana miaka mitatu na hukukimbilia mlangoni akisikia ufunguo. Mwambie mama yake amshike kwa dakika hizo mbili.

Wassalaam.